Namna ya Kumfuga Ng'ombe Ndani ya Kompyuta ya Zamani

Mfugaji mpya huulizwa kwanza kama ana malisho na maji. Mimi nitakuuliza kama una ritifaa. Kama huna, au hujui ipo wapi kwenye kibodi yako, acha kusoma hapa, nenda kafuge mbuzi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyerithi kompyuta ya maandishi matupu: kioo cheusi, herufi za kijani, hakuna picha, hakuna kipanya, na pembeni printa ya pini inayolia kama cherehani ya fundi aliyecheleweshewa kanzu za Idi. Usidhani zimekwisha. Mashine ya risiti dukani, na tiketi ya ndege inayoandika jina lako lote kwa herufi kubwa kana kwamba inakugombeza, ni wajukuu wa ukoo huohuo. Mimi nilizifahamu ujanani, nyuma ya kaunta ya duka la vyakula vya mifugo mjini Arusha, kazi yangu ikiwa kuandika risiti za pumba, mashudu na mawe ya kulamba. Nilipitisha ng'ombe wengi humo. Wachache walitoka wazima.

Waliosoma watakwambia Kiswahili kina bahati mbele ya kompyuta. Hakina vikofia vya Kifaransa wala nukta mbili za Kijerumani. A mpaka Z zinakitosha, tena Q na X zinabaki zimekaa kibarazani bila kazi. Ni kweli, na ni kweli tupu kwa mbuzi, kondoo, punda, kuku, bata na mbwa. Waandike kwenye mashine yoyote, hata iliyotengenezwa na mtu asiyejua kwamba tupo, watatoka salama. Katika boma zima ni mmoja tu aliyezaliwa na kitu kichwani. Kile kijialama kinachoning'inia kati ya g na o ndiyo pembe yake, na balaa lote linaanzia hapo.

Kujenga zizi

Tuchukue zizi la kawaida, lile la IBM PC ya mwaka 1981. Kioo chake cha maandishi kina mistari 25, kila mstari nafasi 80. Una vibanda 2,000, hakuna cha 2,001. Kila kibanda kinalipiwa baiti mbili za kumbukumbu: ya kwanza inasema nani amelala humo, ya pili inasema amejifunika rangi gani. Jumla baiti 4,000. Kadi ya kioo cha rangi moja ilikuja na baiti 4,096. Zile 96 za ziada ni kona ya zizi iliyoota majani, kila mtu anaiona na hakuna anayefunga mnyama pale.

Kibanda hakipanuki. Herufi m na herufi i hupewa kitanda kilekile, ndiyo maana m huonekana imejikunyata na i huonekana mjane. Kwenye kadi ya rangi moja kitanda kilikuwa nukta 9 kwa 14, nayo ilikuwa hadhi. Kwenye kadi ya rangi nyingi kilikuwa 8 kwa 8. Humo herufi kubwa hula mistari saba ya nukta, na mmoja huachwa ili maneno ya juu yasiwakanyage wa chini. Anayebeba kitu kichwani sharti apige magoti. Itazame É ya kadi ile: ni E iliyobonyea kama abiria aliyeingia daladala akiwa wa arobaini.

Maumbo ya herufi yalichomwa ndani ya chipu kiwandani. Fonti hukuchagua, ulizaliwa nayo. Aliyetaka umbo jingine alishika pasi ya kulehemu na kubadilisha chipu, mpaka ilipokuja kadi ya EGA mwaka 1984 iliyokubali kupakiwa maumbo mapya na programu. Hata hapo, mgeni akiingia, mwenyeji mmoja alitoka. Ukitaka maumbo 512 kwa wakati mmoja uliweza, kwa masharti kwamba uuze biti moja ya rangi. Yaani unaongeza wanyama kwa kuzima taa.

Kwa kuwa mpangaji wa kila kibanda hutambulishwa kwa baiti moja, aina za wapangaji ni 256, basi. Hapa wapongeze waliogawa vyumba kwenye jedwali lile, linaloitwa ukurasa wa misimbo namba 437. Walianza na nyuso mbili zinazocheka. Kisha karata zote nne, kopa, uru, pau na jembe. Kisha nota za muziki na jua linalong'aa. Wakakumbuka peseta ya Hispania. Wakatenga vyumba 48 kwa ajili ya kuta, kona na matofali ya kuchorea masanduku. Nimechora masanduku mengi ya kupendeza kwa kuta hizo na sina ugomvi nazo, ila ujue kwamba mashine hii ilikuwa tayari kucheza karata kabla haijawa tayari kuandika majina ya watu.

Ritifaa, hata hivyo, ipo. Iko chumba namba 39, nayo ilirithiwa kutoka ASCII, orodha ya Kimarekani ya mwaka 1963 yenye nafasi 128. Orodha hiyo ilianza bila herufi ndogo hata moja. Ziliingia katika marekebisho ya mwaka 1967. Namba 39 ilikuwa kibarua wa kazi tatu: ni ritifaa, ni alama ya kufungia maneno ya mtu, na ukirudi nyuma nafasi moja ukaipiga juu ya e, ilitarajiwa kuwa mkazo wa Kifaransa. Mshahara wake haukuongezwa.

Kwa hiyo pembe ipo, kibanda kipo, na ng'ombe yupo. Ungedhani mwongozo umekwisha.

Ukirithi zizi la babu

Kama ulichorithi ni teleksi, ongeza uvumilivu. Mashine hizo zilitumia biti tano, zinazotosha ishara 32. Zilijigawa kuwa na rafu mbili: ya chini ya herufi, ya juu ya tarakimu na alama. Kupanda rafu ni ishara moja, kushuka ni nyingine. Ng'ombe mzima hutumwa hivi: N, G, panda, ritifaa, shuka, O, M, B, E. Ishara tisa. Mbuzi ni tano.

Sasa, waya zina kelele. Ile ishara ya kushuka ikipotea njiani, mashine ya upande wa pili inabaki rafu ya juu, na mpokeaji anasoma NG'9.?3. Mnyama huyo hana daktari.

Kuna ajali nzuri zaidi ambayo sijawahi kuishuhudia lakini nimeisoma kwenye majedwali, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Katika mpangilio wa kimataifa, ritifaa inakaa rafu ya juu ya S na kengele ya kumwamsha karani inakaa rafu ya juu ya J. Katika mpangilio wa Kimarekani, wamebadilishana: kengele ipo S, ritifaa ipo J. Mtume ng'ombe kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili. Atafika bila pembe, na akifika, kengele italia. Wamarekani walimfunga njuga bila kujua.

Kukata pembe

Turudi kwenye kompyuta. Nimesema ritifaa ipo. Tatizo ni kwamba programu nyingi zinaitumia kufungua na kufunga maneno. Ukiandika ng'ombe ndani ya ritifaa mbili, mashine inasoma ng, inaona mlango umefungwa, kisha inamkuta ombe amesimama nje bila kibali. Inakataa. Kwa kawaida inakataa kwa Kiingereza, Jumamosi mchana, foleni ikiwa imefika barabarani.

Dawa ya kitaalamu ni kuandika pembe mbili ili SQL, lugha ya hifadhidata, ihesabu moja. Dawa hii hufanya kazi mpaka siku programu moja inapomkabidhi mnyama kwa nyingine bila kuondoa pembe ya ziada, ukapata NG''OMBE. Mimi binafsi naona huyo ndiye pekee aliye sahihi kimaumbile.

Dawa ya kienyeji ni kukata. Ni rahisi, haina gharama, na wote wataelewa, au ndivyo wanavyosema wasiojua sauti hiyo. Ukikata pembe, ng'oa ambayo ni kazi ya shamba inakuwa ngoa ambayo ni wivu. Ng'ambo ya Unguja inakuwa Ngambo, mahali ambapo hakuna aliyezaliwa. Mwalimu Nyerere alitupa neno kung'atuka na mwaka 1985 akatuonyesha maana yake kwa vitendo; kwenye printa alingatuka, jambo ambalo sidhani kama liliwahi kufanywa na kiongozi yeyote.

Usidhani ukataji huu ni uzembe wa makarani wa Arusha. Una baraka za kimataifa. Fungua pasipoti yako, tazama ile mistari miwili ya chini yenye nafasi 44 kila mmoja, inayosomwa na mashine. Humo huruhusiwa A mpaka Z, tarakimu, na kialama kama mdomo wa kifaranga. Kanuni inaagiza ritifaa iachwe nje. Bwana Ng'ang'a, mwenye pembe mbili halali alizopewa na babu yake, anapita uwanja wa ndege akiwa NGANGA. Akishuka Kongo asishangae akiletewa wagonjwa, kwa sababu kule nganga ni mganga.

Wasiopenda kukata huweka pembe ya bandia. Juu kushoto mwa kibodi kuna kialama kilichoinamia upande wa pili, chumba namba 96. Karani mwenye haraka hukichukua hicho: ng`ombe. Kwa macho hakuna kosa. Ila kompyuta hupanga majina kwa namba za vyumba, si kwa macho. Namba 39 inatangulia herufi zote, namba 96 inazifuata herufi kubwa zote. Katika orodha ya majina yanayoanza na NG, ng'ombe wa kwanza atakaa mwanzo, wa pili mwisho, na mwenye duka ataapa kwamba ni wanyama wawili.

Majirani

Ukiona uchungu umezidi, watembelee majirani. Hakuna kinachompumzisha mfugaji kama kuona zizi la mwenzake limebomoka.

Waswidi walihitaji herufi tatu zaidi, ä, ö na å, ndogo na kubwa, katika orodha ya nafasi 128 iliyokwisha jaa. Wakazikalisha kwenye vyumba vya mabano ya mraba, mabano ya mawimbi, mkwaju unaoegemea nyuma na kijiti kilichosimama. Wakaandika lugha yao kwa raha. Kisha likaja somo la programu za lugha ya C, ambayo bila mabano hayo haipumui. Palipotakiwa mabano ya kufungua pakatokea ä, ya kufunga pakatokea å, na palipotakiwa vijiti viwili vya "au" pakatokea öö. Wataalamu wa Kiswidi walisoma programu kwa miaka mingi kama mtu anayesikiliza habari huku mtoto analia, na waliielewa. Kanuni ya C ya mwaka 1989 iliwaletea dawa: badala ya bano moja, andika alama mbili za kuuliza na mshale. Nasikia waliishukuru sana, wakaendelea na ä.

Wadani na Wanorwe walikuta ukurasa 437 una æ na å lakini ø imesahaulika. Walitengenezewa ukurasa 865, ambamo ø imekaa chumba cha senti na Ø chumba cha yeni. Faili la bei za bidhaa za Japani likifunguliwa huko, kila bei inaanza na Ø. Wajapani wenyewe waliamua yeni ni muhimu kuliko mkwaju wa nyuma, wakaipa chumba namba 92, na hadi leo kompyuta za kwao huonyesha njia ya faili kama vile kila folda inauzwa.

Warusi tu ndio waliojenga zizi kwa akili ya mtu anayejua paa litavuja. Barua za enzi hizo zilipita kwenye mitambo iliyokuwa ikiinyofoa biti ya nane bila kuomba radhi. Wao, kwenye mpangilio wa KOI8, waliziweka herufi zao ili biti ya nane ikinyofolewa nyingi ziangukie herufi za Kilatini zinazofanana nazo kwa sauti. Москва ikinyofolewa inakuwa mOSKWA. Kubwa imekuwa ndogo na ndogo zimekuwa kubwa, lakini mji unatambulika. Kila nikiikumbuka hiyo natamani mtu angetufikiria hivyo sisi na pembe yetu moja.

Karibu zaidi na nyumbani, mchukue Ngũgĩ wa Thiong'o. Jina lake ni mtihani kamili: ũ, ĩ, na pembe. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya ya Gĩkũyũ kwenye karatasi ya chooni. Karatasi ya chooni ya gereza ilizipokea ĩ na ũ zote bila kulalamika. Ukurasa 437, uliokuja miaka mitatu baadaye, usingezipokea; vyumba vilikwisha kwa matofali na karata. Ungeweza kuazima vikofia vya Kifaransa ukaandika Ngûgî, au kuvua kila kitu ukaandika Ngugi kama gazeti. Tena mawimbi hayo si mapambo: Gĩkũyũ ina irabu saba, na ukifuta mawimbi umebakiza tano.

Baadaye zilikuja kurasa za kimataifa za ISO. Ile ya kwanza, ya Ulaya Magharibi, iliyoenezwa mpaka kwetu, haina ĩ wala ũ. Ya nne inazo zote mbili. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Baltiki, Wasami na Greenland. Mtu wa Nyeri aliyetaka kuandika jina la mama yake sawasawa alitakiwa aiambie kompyuta kwamba anaishi kwenye barafu na anawinda sili.

Na wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Ukurasa wa ISO wa Kiarabu wa mwaka 1987 uliwapa herufi za Kiarabu zenyewe tu. Pe, che, ve na ge walizozoea kuziongezea nukta hazikuwemo. Tena herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kutegemea imeanza, imekaa kati, imemaliza au imesimama peke yake, na kibanda cha nukta nane hakijui habari za kushikana mikono. Huko hata ng'ombe hafikii kuuliza pembe. Anauliza kwanza kama ataingia mlangoni.

Pembe iliyopinda

Sehemu hii isome umekaa.

Miaka ya tisini ilituletea kompyuta zenye madirisha na picha, na programu za kuandikia zilizojiona zina adabu kuliko mwandishi. Unabonyeza ritifaa iliyonyooka, namba 39. Zenyewe zinaipinda kwa uzuri na kuweka nyingine, namba 146. Hukuombwa ruhusa. Kwenye kioo chako ng'ombe anapendeza, pembe imekunjwa kama ya maonyesho ya Nane Nane. Unahifadhi kwenye diski, unampelekea mwenye mashine ya zamani.

Kwenye ukurasa 437, chumba namba 146 anaishi Æ.

Sikutunga. Ndivyo nilivyompata mnyama wangu wa kwanza wa Kidani: ngÆombe. Washairi hawakusalimika pia. Mshairi anayebana silabi ili mizani itimie huanza neno kwa ritifaa, 'mekwenda. Programu ikiona alama mwanzoni mwa neno hudhani mtu anaanza kusema, inaweka pembe ya kufungulia, namba 145. Chumba namba 145 anaishi æ ndogo. Mshairi amepunguza silabi moja kwa jasho, kompyuta imemrudishia irabu ya Kopenhagen.

Kisha ukaja wokovu. Yunikodi, toleo la kwanza mwaka 1991, iliahidi chumba kwa kila herufi duniani, na UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, ikaonyesha namna ya kuzisafirisha bila kuivunja ASCII ya zamani. ĩ na ũ zikapata anwani. Pembe iliyopinda ikapata yake pia, ila ikisafiri huchukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Mashine ya zamani ikipokea baiti tatu huona wageni watatu. Kwenye ukurasa 437 utasoma ngΓÇÖombe, kwenye Windows ya zamani utasoma ngâ€™ombe.

Hapo wengi hukosea kwa kukata tamaa mapema. Wewe endelea. Lihifadhi faili hilo lilivyo kwa UTF-8, kisha lifungue tena kimakosa kwa Windows ya zamani. Utapata ngÃ¢â‚¬â„¢ombe. Pembe moja imezaa tatu, tatu zimezaa nane. Ni namna pekee ninayoijua ya ng'ombe kuongezeka bila dume.

Usije ukadhani simu yako ya mkononi imeepuka ukoo huu. Ujumbe mfupi huingiza herufi 160 kwa sababu hutumia biti saba kwa kila herufi. Pembe iliyonyooka imo kwenye orodha yake. Iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja, ujumbe wote unahamishiwa mpangilio mwingine unaoingiza herufi 70 tu. Wauzaji wa maziwa wanaotuma matangazo kwa wateja elfu moja hulipia ujumbe mara mbili au tatu kwa ajili ya pembe ya ng'ombe mmoja. Mwuza mayai halipi hata senti.

Kuhesabu mifugo

Hatua ya mwisho ni kujua una wangapi. Nitakuonyesha jinsi tulivyofanya dukani kwetu, usiige.

Kila karani aliyepita alikuwa ameingiza bidhaa kwa imani yake. Wa kwanza, mwanamama mwenye mwandiko wa ualimu, aliandika NG'OMBE MAZIWA. Aliyemfuata alikuwa amewahi kukataliwa na mashine, akaandika NGOMBE MAZIWA. Kijana wa likizo alitumia kile kialama cha juu kushoto. Fundi aliyekuja kutengeneza akaacha nyuma yake yule wa pembe mbili. Kisha bosi akaandika orodha mpya ya bei nyumbani kwenye kompyuta ya kisasa, akaileta kwa diski akiwa na furaha, nami nikaipakia. Ikawa tuna NGÆOMBE, wa mwisho kabisa kati ya majina yanayoanza na NG.

Kwa mashine, hao walikuwa wanyama watano, kila mmoja na stoo yake. Mmoja alikuwa na magunia 60 yasiyokuwepo. Mmoja alikuwa na upungufu wa magunia 41, yaani tulikuwa tumeuza chakula ambacho kompyuta iliapa hatujawahi kukinunua. Nilipomwuzia mteja, ilinibidi nijaribu ng'ombe mmoja baada ya mwingine mpaka nipate yule mwenye mzigo.

Siku moja akaja mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, fimbo mkononi, na foleni nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipe magunia mawili ya ng'ombe."

Nikajaribu wa kwanza, hana. Wa pili, mashine ikakataa. Wa tatu akakubali, printa ikalia, nikamkabidhi risiti. Akaivuta mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaitazama Æ kwa muda mrefu.

"Kijana, huyu ni mnyama gani?"

"Ni ng'ombe, mzee. Mashine tu."

"Mwanangu ndiye anayenirudishia hela, na yeye ni mhasibu. Hii hatalipa."

Nikajaribu tena. Ikatoka yenye pembe mbili. Akatikisa kichwa. Nyuma watu wakaanza kuguna. Mzee akaegemea kaunta, akaniuliza gunia la mbuzi ni bei gani. Nikamwambia ni sawa na la ng'ombe. Akasukuma risiti kwangu kwa kidole.

"Basi niandikie mbuzi."

Nikamwandikia mbuzi. Ikatoka mara moja, safi, herufi tano. Aliyekuwa nyuma yake, ambaye alikuwa amesikia yote, akasema na yeye aandikiwe mbuzi. Habari zikaenea, na mimi, kwa kweli, sikuzizuia.

Desemba bosi alichapa ripoti ya mwaka, akaisoma mara mbili, akatuita sote. Alisema wilaya nzima imeacha ng'ombe na kuhamia mbuzi, na duka lisilosoma alama za nyakati litafungwa. Januari yakaagizwa magunia mia tatu ya chakula cha mbuzi.